Fundi Aliyelewa Bila Pombe

Hapana, Shangazi, hakuwa mlevi. Umesema mchana wa leo mbele ya Mama, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: "Huyo fundi baiskeli wako Ifakara nzima inamjua, anatembea kama kuku aliyedonoa machicha ya pombe, halafu wewe unataka wifi yangu afuate ushauri wake?" Nilinyamaza kwa sababu wewe ni dada yake Baba, na kwa sababu nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Hapa kwenye daftari hakuna wa kunikata kauli. Nitaandika mpaka nimalize.

Kwanza niandike tunachogombania, maana nikija kusoma daftari hili miaka ijayo nitataka kujua. Mama amelala, hii ni wiki ya sita. Alianza na homa, sikio la kushoto likamuuma, halafu alfajiri moja akaamka anapiga kelele kwamba nyumba inazunguka. Alitapika siku tatu. Tulimpeleka hospitali, daktari akamtazama macho kwa muda mrefu, akamgeuza kichwa huku na huku, akasema ugonjwa umepita ila umeacha jeraha ndani ya sikio, kule kwenye sehemu inayoshika mizani ya mwili. Akatoa vidonge vya kutuliza kizunguzungu, vya siku chache tu, na akasema vikiisha Mama aanze kuamka.

Baba yuko kwenye mashamba ya miwa kule Kidatu, anarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo Shangazi akaja kutoka Kisawasawa kuuguza. Na anauguza kweli, siwezi kumsingizia. Ila vidonge vilipoisha alikwenda duka la dawa akaleta vingine, halafu vingine tena, kwa kuwa Mama akivimeza anatulia. Amefunga dirisha. Ameviringisha khanga mbili akaziweka kulia na kushoto kwa kichwa cha Mama, kisitikisike. Mama huyu nimemwona akibeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika, huku anamenya chungwa. Sasa mapaja yake yamekuwa membamba kama ya mtoto wa shule. Juzi alijaribu kwenda chooni peke yake, akaanguka mlangoni, mdomo ukapasuka. Tangu hapo Shangazi ametandika mkeka wake palepale mlangoni kama askari.

Mimi nasema Mama asimamishwe, kama alivyojisimamisha yule fundi. Shangazi anasema nitamuua. Huenda Shangazi ndiye yuko sahihi, na huenda ni mimi niliye sahihi na bado sifanyi kitu.

Sasa huyo fundi.

Banda lake liko njia ya kwenda Kibaoni, bati tatu juu ya miti minne, na kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu TUNAZIBA PANCHA. Nimemjua tangu niko darasa la tano. Mtu mfupi, kucha nyeusi kwa grisi, anasimama miguu imeachana kama mtu anayepimwa suruali. Ukimwita kwa nyuma hageuki haraka. Anageuza kwanza macho, halafu kichwa, halafu mabega, halafu ndiyo mwili wote unafika. Wageni walidhani ni majivuno. Wenyeji walidhani ni pombe, kwa sababu akitembea alikuwa anakwenda kushoto kidogo, anajirekebisha, anakwenda kulia kidogo, anajirekebisha. Ule mwaka wa kampeni za vyama vingi vijana wa kijiweni walikuwa hawamwachi apite:

"Fundi, jana ulikuwa unaegemea upinzani, leo naona umerudi chama tawala!"

"Mimi sina chama," alikuwa anajibu bila kusimama. "Nina barabara mbovu."

Nilicheka na mimi. Nilikuwa na sare ya shule na daftari mkononi, nikacheka mpaka machozi. Naliandika kwa kuwa nimejiambia sitajipamba.

Kunywa alikunywa, zamani. Hapo Shangazi hajakosea. Ujanani alikuwa mtu wa vilabu, na mwenyewe hakuficha. Ndiyo maana lililompata liliwezekana. Alipata kifua kikuu, akaanzishiwa dawa, na kila asubuhi sindano. Wakati ule matibabu yalianza na sindano za miezi miwili, Jumapili tu ndiyo alikuwa anapumzika. Zahanati alikokuwa anachomwa sindano hakuwahi kunitajia, na mimi sikumuuliza. Wiki ya tano akaanza kuona ardhi imekuwa laini, kama anakanyaga godoro. Nyumba zilikuwa zinarukaruka akitembea, zinatulia akisimama. Asubuhi moja akamwambia nesi:

"Sista, siku hizi nalewa."

"Unalewa na dawa hizi za kifua?"

"Nalewa tu. Nikisimama nalewa, nikitembea nalewa."

"Na umri huo huoni aibu! Saa mbili hii! Nenda nyumbani ukaoge, kesho uje hujanywa."

Na akaandika kwenye kadi: mlevi.

Tuseme ukweli, nani asingekosea hapo? Sisi sote tunasema hivyo hivyo. Mtu akipanda lori la mizigo kupita milima ya kwenda Mahenge anashuka anasema nimelewa. Dawa ikimchosha mtu, anasema imenilevya. Lakini ukitoka kwenye mdomo wa mtu wa vilabu, neno hilo lina maana moja tu. Kila siku alipoingia anayumba, yule nesi aliona ushahidi. Kila siku alichomwa sindano iliyokuwa inazidi kuua mizani ya masikio yake. Wiki tatu zaidi.

Aliyekuja kugundua ni daktari wa hospitali nyingine, baada ya miezi. Alimwambia, "Simama, unganisha miguu, funga macho." Fundi akafunga macho, akaanguka juu ya meza ya daktari, akamwaga na wino. Daktari akanusa mdomo wake.

"Umekunywa lini mara ya mwisho?"

"Kabla ya Pasaka."

"Basi si pombe. Ni sindano."

Fundi alinihadithia hilo huku anakaza spoku, hajaniangalia. Alipomaliza akasema, "Ningesema kizunguzungu, wangeacha. Lakini kizunguzungu si kitu kinazunguka? Kwangu hakuna kilichozunguka. Nililewa. Nilisema neno la kweli, likaniponza."

Sijui kama ni hilo lililomfanya awe mgumu vile kwenye maneno. Ukimpelekea baiskeli ukasema imeharibika, anakurudisha.

"Imeharibika ni nini? Inalia? Inavuta? Inateleza? Inaruka?"

"Fundi, we itazame tu."

"Siitazami. Ipande, zunguka pale kwenye mnazi, urudi na neno."

Watu walikasirika, wengine wakahamia kwa fundi mwingine. Mimi mwenyewe nilichelewa mtihani wa majaribio wa kidato cha pili kwa sababu alinitaka niseme kama pedeli yangu inagonga au inakwaruza. Nilimwambia kwa hasira kwamba inafanya vyote viwili. Akasema, "Haya, sasa unaanza kuwa mteja."

Kanisani ndiko alikosemwa kuliko kote. Wakati wa sala wote tunainama na kufumba macho, yeye amesimama kwenye ukuta, bega limegusa tofali, macho wazi ameyakodoa kwenye msalaba. Wamama walisema hana unyenyekevu. Wengine walisema ana pepo, na pepo hawezi kufumba macho mbele ya altare. Siku moja katekista akamwendea baada ya misa, mimi nikiwa napanga vitabu vya nyimbo.

"Fundi, hata kwa Mungu unakodoa?"

"Nikifumba nitakuangukia wewe, Mwalimu. Unataka tusali hivyo?"

Katekista alicheka, akamwachia. Lakini hakuwaeleza wengine, na Fundi naye hakuwaeleza, kwa hiyo pepo akabaki palepale. Hata kunawa uso alikuwa ananawa nusu nusu: anapaka sabuni upande wa kulia, jicho la kushoto liko wazi, halafu anabadilisha. Huwezi kuamini mtu mzima anaweza kuangushwa na sabuni ya uso. Yeye alianguka, mara mbili, na mara ya pili alivunjika jino.

Kinachonisumbua ni kwamba mambo haya niliyasoma. Mwalimu wetu wa baiolojia alituchorea sikio ubaoni, na kule ndani mirija mitatu iliyopinda kama vishikio vya vikombe, imejaa maji. Kichwa kikigeuka, maji yanabaki nyuma, ubongo unapata habari kwamba tumegeuka. Nilichora vizuri sana, nikapaka na rangi. Mwalimu akalisifu daftari langu mbele ya darasa. Na jioni ileile nikapita bandani kwa Fundi nikamwona anayumba, nikasema moyoni, huyu naye leo kazidisha. Mchoro niliubeba kwapani.

Sasa mazoezi yake. Daktari aliyegundua alimwambia maneno machache tu: masikio yake yote mawili yameharibika upande wa mizani, na hayatarudi, amebakiwa na macho na nyayo, ubongo utajifunza kuvitegemea hivyo kama ataupa kazi. Mengine yote aliyabuni mwenyewe. Kila asubuhi kabla ya kufungua, alikuwa anasimama mbele ya kibao chake, hatua tano hivi, anakazia macho ile herufi P ya PANCHA, halafu anatikisa kichwa kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila kuondoa macho kwenye P. Mwanzoni herufi ilikuwa inamkimbia, alisema, kama panzi. Baada ya miezi ikawa inatetemeka tu. Sisi wasichana tunaokwenda shule tulikuwa tunasimama ng'ambo ya barabara tunamuuliza maswali.

"Fundi, utanioa?"

Kichwa: kulia, kushoto.

"Kakukataa! Fundi, na huyu mwenzangu?"

Kulia, kushoto.

"Kakataa wote! Fundi ana viwango!"

Siku moja tu alijibu, bado kichwa kinakwenda: "Ningeweza kutikisa kwenda juu na chini, lakini hayo nafanya jioni, mkishapita." Tulikimbia kwa kicheko. Na kweli ya juu na chini alikuwa nayo. Halafu alikuwa anavua viatu anatembea kwenye ule mstari wa mchanga kando ya barabara, kisigino mbele ya kidole, anaanguka kwa goti, anainuka, anarudia. Wakati wa masika alikuwa anatembea kwenye matope, anasema matope yanaongea na nyayo kuliko lami.

Ole wako umshike. Hilo lilikuwa kosa langu kubwa kwake. Nilikuwa kidato cha tatu, nilimwona anapepesuka karibu na mtaro, nikaacha baiskeli yangu ikaanguka, nikakimbia nikamkamata mkono. Tulianguka wote wawili, sare yangu ikachanika. Nilitegemea asante. Akanifokea kwa Kipogoro kwanza, halafu kwa Kiswahili ili nielewe:

"Nani kakuita? Ukinishika mimi, mwili unajifunza mkono wako. Haujifunzi ardhi!"

"Samahani, Fundi."

"Sitaki samahani. Mkono wako utakuwepo kesho? Utakuja kunilaza na kuniamsha? Niache nianguke kwa adabu."

Nililia njia nzima. Kesho yake nikakuta ameninyooshea ringi ya nyuma, iliyopinda nilipoiangusha baiskeli, na hakutaka tuzungumzie.

Hapo kwenye ringi ndipo ninapotaka Shangazi asome, kama siku moja nitakuwa na moyo wa kumpa daftari hili. Ringi ikipinda, Fundi anapindua baiskeli, anaweka chaki karibu na ringi, mkono umetulia kabisa, halafu anaizungusha. Pale ringi ilipovimba chaki inaandika. Anasimamisha, anakaza spoku ya upande huu, analegeza ya upande ule, anazungusha tena. Chaki inaandika kidogo zaidi. Anarudia mpaka chaki haiandiki kitu. Nikiwa na haraka, na mimi huwa nina haraka, nilimwambia akaze tu zote twende. Akasema:

"Ringi hainyooshwi imesimama. Ikisimama inakudanganya, unaiona nzima. Lazima izunguke ikuoneshe inapokosea. Na kichwa changu ni hivyo hivyo. Nikilala kitandani sina kosa hata moja, mtu mzima kabisa. Nikiinuka ndiyo makosa yanaonekana, na ubongo unakaza hapa, unalegeza pale. Sasa ukinilaza miezi mitatu, nani atakaza?"

Alikuwa ameshalala miezi mitatu, ndiyo maana aliijua hesabu hiyo. Kabla ya yule daktari, mkewe alimlaza ndani, akamlisha kwa mkono, akamkataza hata kugeuza shingo. Kwa upendo. Fundi alisema ni miezi aliyozeeka kuliko yote.

Lakini nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mwongo kwa jambo moja. Jua likianza kuinama tu, anafunga banda, hata kama kuna mteja amesimama na tairi mkononi. Alikuwa anasema anawahi taarifa ya habari redioni. Redio yenyewe nilikuja kujua ilikuwa haina betri. Mtu aliyejitembeza kwenye matope mbele ya mji mzima, akaanguka mbele ya wasichana wa shule bila aibu, hakuweza kutamka kwamba anaogopa giza. Macho yakikosa kazi anabaki na nyayo peke yake, na nyayo peke yake hazimtoshi. Mkewe alikuwa anaacha kibatari kinawaka usiku kucha, na majirani walisema ni ubahili gani huo uliogeuka, mtu aliyebana kila kitu anachoma mafuta amelala.

Na baiskeli? Alipanda tena. Ilimchukua karibu miaka miwili, mchana tu, barabara iliyonyooka tu, na asiulizwe kitu akiwa juu. Ukimsalimia akiwa kwenye baiskeli hajibu. Nilimpa shikamoo mara nyingi bila kupata marahaba, kumbe alikuwa anasubiri afike ashuke. Siku nyingine marahaba yako unaipata kesho yake.

Leo, baada ya ile kelele ya Shangazi, nilitoka nikaenda kwake. Sikuwa nimekwenda muda mrefu, tangu nimalize kidato cha nne. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, nywele zimekuwa nyeupe, anapaka gundi kwenye mpira. Nilimpa shikamoo, akajibu papo hapo.

"Marahaba. Baiskeli yako inafanyaje?"

"Sijaja na baiskeli, Fundi. Ni Mama."

Nilimweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaanza kuniuliza kama anavyouliza wateja.

"Anazungukiwa au analewa?"

"Mwanzoni alizungukiwa. Sasa anasema akitulia hakuna kitu, akigeuza kichwa kwenda kushoto ndiyo inakuja."

"Sikio moja au yote?"

"Daktari alisema moja. La kushoto."

"Daktari alisema alale?"

"Alisema vidonge vikiisha aamke."

"Sasa mimi unaniuliza nini?"

Nikamwambia nataka aje nyumbani, aje amwambie Shangazi kwa mdomo wake, kwa sababu mimi ni mtoto na sisikilizwi. Akaangalia gundi, akaangalia barabara, akaangalia juu. Jua lilikuwa limeshainama upande wa magharibi. Kutoka kwake mpaka kwetu na kurudi angekutwa na giza.

"Leo siwezi," alisema.

"Kwa nini? Taarifa ya habari?"

Nilisema kwa ukali, nami nikajua nimesema vibaya. Akafuta vidole kwenye kitambaa.

"Binti, mimi sikupona," alisema. "Watu wanakuambia Fundi alipona. Mimi nilizoea. Gizani mimi bado ni yule wa siku ya kwanza. Nakuambia ili usimpelekee mama yako uongo. Yeye amebakiwa na sikio moja zima, ana bahati kuliko mimi. Yeye ni kama kitanda kinachobebwa na watu wawili, mmoja kaachia ghafla. Aliyebaki anaweza kujifunza kubeba peke yake. Mimi walikufa wote wawili. Lakini hakuna anayejifunza kubeba kitu ambacho hakiinuliwi."

"Na akianguka?"

"Ataanguka."

"Akivunjika?"

"Ondoa vitu vyenye ncha," alisema. "Tandika mkeka. Simama mbele yake, akuone, usimsimamie nyuma. Aanze kwa kukaa tu. Akitapika, usilie wewe, maana akikuona unalia atalala tena. Na hivyo vidonge mrudie daktari kesho kutwa umuulize namna ya kuvipunguza, usivitupe kwa hasira. Nakujua wewe."

Niliondoka. Nilipofika kwenye kona niligeuka, nikamwona anakusanya vifaa vyake kwa haraka, spana mbili zikamponyoka, hakuinama kuziokota. Alizisukuma kwa mguu mpaka chini ya benchi, akafunga, akaanza kwenda, mkono unagusa kila ukuta wa kila nyumba.

Nyumbani Shangazi alikuwa anasubiri na neno lake mdomoni.

"Umetoka kwa mlevi wako?"

Nikajibu. Akajibu. Nikasema atamlaza Mama mpaka azikwe, naye akasema mimi nimesoma vitabu vinne najiona daktari, na kwamba aliyemwokota Mama damu ikimtoka mdomoni ni yeye, si mimi, mimi nilikuwa nimelala. Hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli. Ndipo tukasikia sauti ya Mama kutoka ndani, ndogo, ila ina ule ukali wake wa zamani.

"Nyie wawili."

Tukaingia. Alikuwa ametazama juu, kichwa katikati ya zile khanga.

"Mnanigombania kama gunia la mpunga kwenye mashine. Kuna hata mmoja aliyeniuliza?"

Shangazi akasema, "Wifi, we pumzika."

"Nimepumzika mpaka nimechoka." Akayageuza macho kwangu, macho tu. "Huyo fundi. Bado anaanguka?"

Nilitaka kusema haanguki. Neno lilikuwa tayari ulimini. Shangazi alikuwa ananitazama, anasubiri.

"Anaanguka, Mama. Giza likiingia."

"Na mchana?"

"Mchana anapanda baiskeli."

Mama alifumba macho, nikadhani vidonge vimemchukua. Shangazi alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akashika mguu wa Mama juu ya shuka, akaukanda taratibu kuanzia kifundoni. Aliushika kama kitu kinachoweza kumponyoka. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba na yeye anaogopa. Nilidhani woga wote nimeuchukua mimi.

"Mimi naogopa mlango," Mama alisema. "Kitanda siogopi. Mlango ndiyo naogopa."

Shangazi aliendelea kukanda.

Sasa nimeketi sebuleni na daftari. Kesho asubuhi sitamkurupusha Mama, ingawa ndivyo nilivyokuwa nimepanga, kumnyanyua kabla Shangazi hajaamka ili yaishe. Nitasubiri mpaka mwanga uingie vizuri. Nitamsalimia Shangazi kwanza, nimwombe asimame na mimi, upande mmoja na mimi, mbele ya kitanda, pale Mama anapoweza kutuona wote wawili. Halafu nitampa Mama shikamoo, nimuulize: leo tukae tu, au tukae na kugeuza kichwa? Akisema tukae tu, tutakaa tu.